Kasi ya prosesa: namba inayouza simu na isiyokwambia kitu

Ukipita maduka ya simu ya Mwembe Tayari au Digo Road, karibu kila bango lina namba tatu zilizoandikwa kubwa kuliko hata bei: kamera, RAM na kasi ya prosesa. Hiyo ya tatu ndiyo watu huielewa kidogo zaidi, na ndiyo muuzaji huitaja kwa sauti ya mtu anayefunga mjadala. "Hii ni octa-core, mama, gigahezi mbili nukta tatu. Hii haikwami." Mama wa watu hana la kujibu. Anatoa kitambulisho, analipa kianzio, anaondoka na simu.

Je, kasi ya prosesa ni muhimu mtu anapochagua simu? Prosesa yenyewe ni muhimu sana. Ile namba ya kasi iliyochapishwa kwenye boksi ndiyo isiyokuwa na maana kubwa. Hayo ni mambo mawili mbalimbali, na kuyachanganya kunawatoa watu wetu pesa nyingi.

Tangu mwaka 2020, Safaricom waliposhirikiana na Google kuanzisha Lipa Mdogo Mdogo ya Sh20 kwa siku, kununua simu kwa mkopo kumekuwa jambo la kawaida Pwani, na kampuni nyingine zimeingia kwenye biashara hiyohiyo. Piga hesabu: Sh50 kwa siku kwa mwaka mzima ni Sh18,250. Ukiacha kulipa, simu inafungwa. Kwa hiyo mwendesha tuktuk wa Bamburi aliyechukua simu kwa kusikia "octa-core" hana nafasi ya kubadili mawazo mwezi wa tatu. Atailipia mpaka mwisho hata kama ramani inachukua nusu dakika kufunguka huku abiria anangoja jua kali.

Tuanze na gigahezi. Prosesa hufanya kazi kwa mapigo, na gigahezi moja ni mapigo bilioni moja kwa sekunde. Basi ni hivyo tu. Namba hiyo inahesabu mapigo, haihesabu kazi inayofanyika ndani ya kila pigo.

Chukua mitumbwi miwili pale Mtwapa. Kwenye mmoja yuko mtoto wa miaka kumi na kasia dogo, anapiga mara sitini kwa dakika. Kwenye wa pili yuko mvuvi mzima mwenye kasia pana, anapiga mara arobaini. Ukihesabu mapigo, mtoto ameshinda. Ukingoja ng'ambo uone nani anafika kwanza, utakuta mvuvi ameshafunga kamba na kuwasha sigara. Gigahezi ni kuhesabu makasia bila kuutazama mtumbwi.

Wenye kompyuta walilipitia somo hili kabla yetu. Mwaka 2000 Intel walitoa Pentium 4, prosesa iliyoundwa ili ipige mapigo mengi, maana namba kubwa ilikuwa inauza. Walipanda mpaka gigahezi 3.8. Mwaka 2004 wakafuta mpango wa kutoa ya gigahezi 4, kwa sababu joto na umeme vilikuwa vimewashinda. Mwaka 2006 wakaja na Core 2 Duo, ambayo ilipiga mapigo machache zaidi na ikaziacha mbali zile za zamani. Kwenye simu mambo yalijirudia mwaka 2013: iPhone 5s ilikuwa na prosesa ya viini viwili vya gigahezi 1.3, wakati washindani wake wa Android walikuwa na viini vinne vilivyozidi gigahezi 2. Katika kufungua kurasa za intaneti na kazi nyingine za kila siku, hiyo ya 1.3 haikuwa nyuma. Mara nyingi ilikuwa mbele.

Sasa tuje kwenye simu ambazo zimepita mikononi mwetu. Samsung Galaxy A12 ilikuja mwisho wa 2020 na ikauzwa sana hapa. Nyingi zilikuwa na chipu ya MediaTek iitwayo Helio P35: viini vinane, kasi mpaka gigahezi 2.3. Galaxy A15 ya 4G, iliyotoka mwisho wa 2023, ina Helio G99: viini vinane pia, kasi mpaka gigahezi 2.2. Kwa kusoma boksi, A12 ndiyo yenye kasi. Kwa uhalisia, kiini kikubwa cha G99 kinafanya kazi karibu mara tatu ya kiini cha P35. Namba ndogo, kazi mara tatu.

Sababu iko ndani ya kiini chenyewe. Viini vyote vinane vya P35 ni vya aina ya Cortex-A53, ubunifu ambao kampuni ya Arm ya Uingereza iliutangaza mwaka 2012. Hiki ni kiini kidogo cha kubana umeme, na hufuata maagizo kwa foleni. Ukitaka kukielewa, kumbuka foleni ya magari ya feri pale Likoni: lori la mbele likizima, wote walio nyuma wanangoja, hata kama feri imefungua mdomo na ina nafasi tele. Ndani ya simu, "lori lililozima" ni agizo linalongoja data ifike kutoka kwenye kumbukumbu, na hilo hutokea kila wakati.

G99 ina viini viwili vya Cortex-A76, ubunifu wa mwaka 2018. Kiini hiki kina askari wa foleni mwenye akili. Akiona lori limekwama, analiweka kando na kupitisha waliokuwa tayari, kisha analirudia. Tena anaweza kupokea maagizo manne kwa pigo moja pale A53 inapopokea mawili. Ndiyo maana gigahezi 2.2 za huyu si gigahezi 2.3 za yule. Juu ya hayo, G99 imetengenezwa kwa teknolojia ya nanomita 6 na P35 kwa nanomita 12. Kwa ufupi, inakula chaji kidogo zaidi kwa kazi ileile na haipati joto haraka.

Na hivyo viini vinane je? Hapo pia pana maneno mengi kuliko nyama. Mwaka 2013 MediaTek walipoanza kutangaza chipu ya viini vinane, mkubwa mmoja wa masoko wa Qualcomm, Anand Chandrasekher, aliwakejeli hadharani: huwezi, alisema, kukusanya injini nane za mashine ya kukata nyasi ukadai una gari la Ferrari. Mwaka uliofuata Qualcomm wenyewe wakatangaza chipu ya viini vinane. Soko lilikuwa limetaka namba, wakaipa namba.

Kejeli yake ilikuwa na ukweli ndani yake. Viini vingi husaidia kazi inayoweza kugawanywa. Magunia mia pale Kongowea, mahamali wanane watayamaliza mapema kuliko wawili. Lakini kupitisha kabati moja la mninga kwenye mlango mwembamba wa Mji wa Kale ni kazi ya watu wawili wenye nguvu, na wale sita waliobaki watakaa barazani wakitoa ushauri. Kufungua WhatsApp, kuandika ujumbe, kusukuma ukurasa wa habari, mambo haya zaidi ni ya kabati kuliko ya magunia. Kinachohitajika ni kiini kimoja au viwili vyenye nguvu. Chipu nzuri za leo zina mchanganyiko: viini vichache vikubwa kwa kazi nzito, na vidogo kadhaa vya kubana chaji. Zile za bei ya chini kabisa mara nyingi zina vidogo vitupu, vinane, na boksi linasema "Octa-core" kwa herufi zilezile.

Hata hivyo, simu nyingi ninazoona watu wakizilalamikia hazikwami kwa sababu ya prosesa. Zinakwama kwa sababu ya kumbukumbu. Na hapa ningeomba msomaji atulie kidogo, maana hapa ndipo pesa inapopotea.

Simu ina sehemu mbili za kuweka vitu. RAM ni meza ya kufanyia kazi. Hifadhi, ile ya gigabaiti 32, 64 au 128, ni ghala. Unachokitumia sasa kinakuwa mezani. Meza ikijaa, simu inaondoa kitu ili kuweka kingine. Ndiyo unaona umetoka M-Pesa kwenda WhatsApp kuangalia namba ya mtu, ukirudi M-Pesa imeanza upya na inakuuliza PIN tena. Watu husema "simu nzito". Simu si nzito, meza ni ndogo.

Ghala nalo lina mlango, na upana wa mlango huo hautangazwi kabisa. Simu za bei nafuu hutumia hifadhi ya aina ya eMMC, zilizo juu kidogo hutumia UFS. eMMC ni kama barabara ya gari moja: ama unatoa ama unaingiza, huwezi vyote kwa wakati mmoja. UFS ina njia mbili, na kila njia ni ya haraka zaidi. Unaweza kuwa na prosesa nzuri kabisa, ikawa inakaa tu ikingoja mlango wa ghala. Ghala likikaribia kujaa, hali inazidi kuwa mbaya, kwa sababu simu inahangaika kutafuta nafasi kila inapoandika kitu. Na sisi tunajua kujaza maghala: kundi la harusi, kundi la maziko, kundi la waliosoma pamoja, kundi la mawaidha, na kila moja linaleta video kumi kabla ya adhuhuri. Simu ya gigabaiti 32, baada ya mfumo wa Android kuchukua fungu lake, haichukui muda kufika hapo.

Kisha kuna hii RAM ya "4+4". Bango linasema gigabaiti 8. Ukisoma maandishi madogo, RAM ya kweli ni 4, na 4 nyingine ni kipande cha ghala kilichoazimwa kijifanye meza. Inasaidia kidogo: programu uliyoiacha inaweza kubaki badala ya kufutwa. Lakini ghala haliwi na kasi ya meza, na kama ghala lenyewe ni eMMC, unachokipata ni meza iliyoko chumba cha nyuma. Kuiita RAM ya gigabaiti 8 bila maelezo, kwa maoni yangu, ni kumpunja mnunuzi.

Joto nalo ni letu watu wa Pwani zaidi ya wa Nairobi. Prosesa ikipata moto, simu inapunguza mapigo yake yenyewe ili isiungue. Ile gigahezi 2.3 ni kilele, haiahidiwi kwa saa nzima. Apple huandika wazi kwamba iPhone imeundwa kutumika penye joto la nyuzi 0 hadi 35. Mwezi wa pili na wa tatu hapa kwetu, simu iliyobandikwa kwenye kioo cha tuktuk, ramani imewashwa, data imewashwa, chaji imechomekwa na jua linaipiga usoni, inavuka 35 kabla ya kufika Nyali. Simu ghali na simu rahisi zote zitapunguza mwendo. Chipu inayotumia umeme kidogo itachelewa kufika hapo. Kuihamisha simu kivulini kutasaidia zaidi, na ni bure.

Wanaonunua simu zilizotumika kutoka Dubai na Uingereza, na wako wengi, wana jambo lao la kuangalia: betri. Desemba 2017 Apple walikiri kwamba programu yao hupunguza kasi ya prosesa kwenye iPhone za zamani betri inapochoka, ili simu isizimike ghafla. Watu walikasirika kwa sababu hawakuambiwa, na mwaka 2020 mamlaka za Ufaransa ziliwatoza faini ya yuro milioni 25. Kwa mnunuzi wa Mombasa maana yake ni nyepesi. iPhone ya zamani inayokwama huenda prosesa yake ni nzima na inataka betri mpya tu. Kabla ya kulipa, fungua mipangilio ya betri uone asilimia ya uzima wake. Ikiwa imeshuka chini ya 80, hesabu bei ya betri ndani ya bei ya simu.

Kuna pia wanaokimbilia alama za majaribio, zile programu zinazoipa simu maksi. Zinasaidia kuliko gigahezi, lakini usiziamini kama mizani ya dhahabu. Mwaka 2013 tovuti ya AnandTech ilionyesha kwamba Samsung Galaxy S4, ikitambua inapimwa na programu fulani, ilikuwa ikijiongezea kasi ambayo programu za kawaida hazikuipata. Na hawakuwa peke yao.

Basi prosesa ina maana kwa nani? Kijana anayecheza PUBG au eFootball ataiona tofauti siku ya kwanza. Dada anayehariri video za biashara yake kwenye simu, ataiona kila anapohifadhi video. Picha za usiku pia hutegemea chipu, maana kinachosafisha picha ni chipu na siyo wingi wa megapikseli. Na yeyote anayetaka simu ikae miaka minne, maana programu huzidi kuwa nzito kila mwaka. Mzee anayepiga simu, kupokea M-Pesa na kusikiliza darsa WhatsApp, pesa yake ingefanya kazi zaidi kwenye RAM, hifadhi na betri.

Nikirudi kwa wauzaji, siwalaumu wote. Kijana wa dukani analipwa kwa anachouza na ana dakika mbili za kumshawishi mteja. Namba moja kubwa ni rahisi kuitamka kuliko habari ya Cortex-A53. Lakini inawezekana kutangaza simu kwa njia nyingine. Tangu Juni 20, 2025, simu zinazouzwa Umoja wa Ulaya lazima ziwe na lebo inayoonyesha betri inakaa saa ngapi, inavumilia kuchajiwa mara ngapi kabla ya kuchoka, simu inastahimili kuanguka kiasi gani na inatengenezeka kwa urahisi gani. Kasi ya prosesa haimo kwenye lebo hiyo. Walioiandika waliona kuna mambo mengine yanayomfaa mnunuzi zaidi.

Kwetu Kenya, Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza kusema bidhaa ina uwezo isiokuwa nao, na pia kunyamazia jambo la msingi kwa namna inayoweza kumdanganya mnunuzi. Gigahezi 2.3 si uongo, ipo. RAM ya gigabaiti 8 ambayo nusu yake ni ghala, hapo mimi naona pana la kujibu. Na kwa sisi Waislamu jambo hili halikuanza na bunge. Tunasimuliwa kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni, akaingiza mkono ndani ya rundo la chakula, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akasema ni mvua. Akaulizwa kwa nini asiweke iliyolowa juu, watu waione. Bango lenye gigahezi juu na eMMC chini ni rundo la namna hiyo.

Ukiwa dukani, uliza jina la chipu, siyo kasi yake. Simu nyingi huliandika kwenye mipangilio, sehemu ya "Kuhusu simu", na ukilipata unaweza kulitafuta kwenye intaneti palepale, ulinganishe mwaka wake na viini vyake. Uliza RAM ya kweli bila ya kuazima. Uliza hifadhi ni eMMC au UFS. Muuzaji asipojua, dakika moja ya kutafuta itakwambia. Uliza masasisho ya usalama yatakoma mwaka gani, kwa sababu simu iliyoachwa na kampuni yake ina siku za kuhesabika hata prosesa ikiwa nzuri. WhatsApp, kwa mfano, kuanzia 2025 haifanyi kazi tena kwenye Android ya chini ya 5.0.

Kisha ishike simu yenyewe, siyo ile ya maonyesho iliyo tupu. Fungua kamera, toka, fungua ramani, toka, fungua YouTube, halafu rudi kwenye kamera. Ukiona kila moja inaanza upya, umeshajua meza ina ukubwa gani. Na kama ni ya mkopo, mwombe muuzaji aandike kwenye risiti jina la chipu na RAM halisi, 4 iwe 4, kabla hujatoa kianzio. Akikataa kuandika alichokitamka kwa mdomo, duka la jirani liko hatua kumi.